Barfi ya Asali Iliyomlaza Baba Mkwe

Nakumbuka siku niliyomlaza baba mkwe wangu hospitali kwa kopo moja la barfi ya nazi, kabla hata sijaolewa na mwanawe. Usicheke kwanza, mwanangu. Ngoja nifike mwisho tucheke wote, maana wakati ule mimi sikucheka hata kidogo.

Mimi ndiye yule Mwalimu Skola wa hapa Murungu. Nimefundisha watoto, nikafundisha na wazazi wao, na babu wawili watatu waliokuja kusoma ngumbaru. Wote watakuambia jambo moja: Mwalimu Skola hapendi kusahihishwa. Nikiandika ubaoni kwamba nane mara saba ni hamsini na nne, darasa zima hunyamaza mpaka nijione mwenyewe. Ugonjwa huo sikuupata uzeeni. Nilikuwa nao tangu usichana, na ndio ulionitia kwenye haya ninayotaka kukusimulia.

Nilikuwa nasomea ualimu Kasulu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nikapanga chumba kwa Bi Zuhra, mama mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Watu wake ni wa Ujiji, na huko Ujiji alikulia ukuta kwa ukuta na familia ya Kihindi. Kwa hao majirani ndiko alikojifunza kupika barfi. Kama hujaionja, barfi ni nazi iliyokunwa, maziwa, sukari na iliki, vinapikwa mpaka vishikane, vinamwagwa kwenye sinia lililopakwa samli, na vikipoa vinakatwa vipande vya pembe nne. Ni ndugu yake kashata, ila kashata hukuvunja meno na barfi hukuyeyukia mdomoni.

Sasa, nazi Kasulu si kitu cha kuchezea. Sisi wa huku tumekulia mawese. Nazi hutoka mbali kwa lori, na zikifika baadhi zimeshaoza. Bi Zuhra alikuwa anazitikisa sikioni moja moja, anasikiliza maji yake, huku muuzaji amenuna. Akipata nzuri nne, siku hiyo nyumba nzima inanukia iliki na mimi daftari halisomeki tena.

Basi siku moja nikiwa nimeshiba mafunzo, nikamsimamia jikoni mikono kiunoni.

"Mama, sukari yote hiyo? Na nazi na mafuta yake, na samli juu? Huku si kuwapa watu magonjwa?"

Hakunyanyua hata macho kwenye sufuria. "Skola mwanangu, wewe soma. Ukimaliza kusoma, njoo upike."

Niliona amenidharau. Nikaingia chumbani nikafungua daftari la sayansi kimu, nikapigia mstari mwekundu pale palipoandikwa tupunguze sukari na mafuta. Mstari huo, mwanangu, ndio ulioniponza.

Mchumba wangu alikuwa Festo, fundi baiskeli wa hapa hapa Murungu. Baba yake, Mzee Bukuru, aliletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni, akakulia hapa, akapata uraia hapa, akalima maharage mpaka akaitwa tajiri. Mtu mpole, mwenye udhaifu mmoja tu: vitamu. Miwa, ndizi mbivu, chai ya vijiko vitano. Siku hospitali walipomwambia ana kisukari, Festo alinisimulia kwamba mzee alirudi nyumbani akakaa kimya kama aliyefiwa. Tangu hapo alikuwa akiletewa chai isiyo na sukari anakikamata kikombe kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

Na mke wake, Mama Festo, huyo alikuwa hanitaki. Alitaka msichana wa shambani. "Mwalimu atashika chaki," alikuwa anasema, "jembe atashika nani?" Festo hakunificha. Akaniambia nimepangiwa siku moja ya kwenda kuonekana nyumbani kwao, na mama yake akinikataa siku hiyo, mambo yamekwisha, maana hakuna mtu aliyewahi kumshinda mama yake kwa maneno. Nilimpenda Festo, mwanangu. Nasema hivyo wazi, ingawa leo yuko pale nje anajifanya hasikii. Nilimpenda mpaka chaki ilikuwa inanikatikia mkononi.

Nikaanza kuwaza: nikienda na kitu kitakachomrudishia mzee utamu wake bila kumdhuru, huyo mama atasema nini tena? Atanyamaza. Barfi, lakini barfi ya afya! Bila mafuta, bila sukari. Badala ya sukari nitatia asali.

Utaniuliza, mwalimu mzima, asali? Mwanangu, wewe umezaliwa huku huku, unajua. Kwetu asali ni dawa. Mtoto akikohoa, asali. Ukiungua moto, asali. Mama akijifungua, asali kwenye uji. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia mtu akisema asali ni sukari, na mimi sikumwuliza mtu. Kuuliza si ujinga, ila mjinga ndiye asiyeuliza, na mjinga mwenyewe alikuwa mimi. Festo akaniletea asali nyeusi ya mzinga wa mjomba wake, dumu la lita tatu. Na yeye hakuuliza.

Bi Zuhra wiki ile alikuwa Ujiji kwenye arusi. Kwangu ilikuwa nafuu, maana nilitaka arudi akute nimeshinda.

Nikakuna nazi tatu. Nikamimina maji ya moto, nikakamua tui lote nikalimwaga, kwa kuwa mafuta ni mabaya. Kilichobaki ni machicha, ambayo mtu yeyote mwenye asili ya pwani anajua ni chakula cha kuku. Kuku wa Bi Zuhra wakaja mpaka mlangoni wakanikodolea macho, wakisubiri chakula chao. Hata kuku walijua, mwanangu.

Nikaweka machicha motoni na maziwa kidogo na asali vikombe viwili. Nikakoroga. Nikakoroga tena. Ikabaki uji. Sukari ikichemka hugeuka shira na kuikamata nazi, lakini asali haina kazi hiyo, yenyewe hubaki laini na kukucheka. Mkono ukafa ganzi. Nikawaza, kwetu kitu kisichoshika hushikishwa na nini? Na unga wa muhogo! Nikachota unga nikatia. Ikashika. Ikashika mno, mwiko ukasimama wima peke yake. Nikaonja, nikakuta ni ugali uliopita karibu na nazi ukasalimia.

Mtu mwenye akili angewaita kuku. Mimi nikaongeza asali. Kikombe cha tatu nikaonja, kikombe cha nne nikaonja. Mwonja asali haonji mara moja, na mimi nilionja mpaka nikaridhika kwamba utamu umefika. Nikakata vipande vikubwa, maana kitu cha afya utakibania nini, nikajaza kopo la maziwa ya unga mpaka kifuniko kikakataa.

Jumamosi asubuhi nikapanda basi la Kibondo, kopo mapajani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Festo akanipokea kwa baiskeli. Tulipofika, Mzee Bukuru alikuwa amekaa barazani amevaa koti la kanisani. Nikapiga magoti nikasalimia, "Mwakeye, baba," naye akaitikia kwa sauti ya upole mpaka nikatulia. Mama Festo akanitazama viganja kabla ya uso. Alikuwa anatafuta sugu za jembe.

Nikatoa kopo. Na hapa ndipo nilipotoa hotuba. Ningelipeleka kopo kimya kimya, labda yasingefika mbali. Lakini mwalimu na hotuba! Nikasema, "Baba, najua umekatazwa vitamu. Hii ni barfi ya Kihindi, lakini nimeipika kwa namna ya kitaalamu. Haina hata punje ya sukari. Imepikwa kwa asali, kwa hiyo hii si kitamu, ni dawa."

Mzee akatazama kopo. Akanitazama mimi. Macho yake yakalowa. "Dawa," akasema. "Mama Festo, umesikia? Mukazana wetu ameleta dawa."

Ameniita mukazana, mke wa mwanawe! Nikahisi nimekwisha kuolewa. Hata Mama Festo akakohoa kidogo, na kikohozi kile kilikuwa cha mtu anayeanza kulegea.

Lakini unajua desturi ya kwetu, ingawa ninyi vijana mnaiacha. Mkwe hali mbele ya mkwe. Baba mkwe hawezi kutafuna huku mke wa mwanawe anamwona, ni aibu. Kwa hiyo kopo likachukuliwa likapelekwa chumbani kwa mzee, mlango ukarudishwa, na tangu dakika ile hakuna mtu aliyejua kinachoendelea ndani ya kopo. Mimi nisingeweza kuuliza, "Baba umekula vingapi?" Ningeulizaje? Na Mama Festo alikuwa jikoni ananipima nikichambua maharage.

Nililala kwao pamoja na dada zake Festo. Jumapili tukarudi kutoka kanisani, mzee akaomba maji. Akanywa kata nzima. Akaomba nyingine. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi, akaomba maji. Akaenda tena. Mama Festo akamwuliza, "Kwani wewe ni mto?" Mzee akasema ni joto. Joto gani, na sisi tumevaa masweta? Kufika alasiri alikuwa amejilaza kwenye mkeka barazani, macho anayafikicha, anasema Festo amekuwa Festo wawili. Hapo hakuna aliyecheka. Tukamwita jirani mwenye gari, tukampeleka hospitali Kibondo, mimi nimekaa nyuma nimeshikilia kichwa chake kwa kanga, nimesahau kama ni mwiko au si mwiko.

Hospitali nesi akampima damu kidoleni. Akapima tena, kana kwamba haamini. Akauliza, "Mzee, umekula nini tangu jana?"

Mzee Bukuru akanitupia jicho, akaona niko pale miguuni kwa kitanda. Akaona haya. "Ugali na dagaa," akasema.

"Na nini kingine?"

"Dagaa na ugali."

Nesi akatikisa kichwa. Akasema bila kujua alichokula, daktari atatafuta chanzo gizani, labda ni vidonda, labda ni vidonge havifanyi kazi. Mama Festo akaanza kulia chini chini. Festo, aliyeleta dumu la asali, alikuwa anachunguza viatu vyake.

Mwanangu, nikueleze ukweli ambao hata Festo nilimficha miaka mingi. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hakuna aliyekuwa amelishuku kopo, kwa sababu lilikuwa dawa. Mzee mwenyewe alikuwa ananifunika. Ningenyamaza, ningeolewa. Nikamtazama yule mzee amelala, midomo imekauka, ananistahi mimi kuliko roho yake. Nikashindwa.

"Amekula barfi yangu," nikasema.

"Barfi ya nini?"

"Ya nazi. Na muhogo. Na asali."

"Asali kiasi gani?"

"Vikombe vinne."

Nesi akaweka kalamu chini. "Na wewe dada unafanya kazi gani?"

"Nasomea ualimu."

"Wa somo gani?"

Nikatamani ardhi ipasuke. "Sayansi kimu."

Nesi akatazama dari muda mrefu. Kisha akaniambia taratibu, kama anavyoambiwa mtoto wa darasa la kwanza, kwamba asali ni sukari, na muhogo ukifika tumboni nao unageuka sukari, na mwili wa mtu wa kisukari hauulizi jina la kitu, unauliza kiasi. Akamgeukia mzee. "Ulikula vipande vingapi?"

Mzee akavuta shuka mpaka kidevuni. Mama Festo akasema, "Sema, mwanaume we!"

"Kopo," akasema mzee.

"Kopo zima? Siku moja na nusu?"

Mzee akajitetea kwa sauti ndogo sana. "Si mlisema wenyewe hapa hapa kwamba dawa lazima mtu amalize dozi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka dripu ikatikisika. Sisi hatukucheka. Mama Festo akafuta machozi, akanisogelea, akasema bila kupaza sauti, na afadhali angepaza: "Binti, rudi Kasulu. Festo tutamtafutia mwingine."

Nikarudi. Njia nzima nililia vumbi likageuka tope usoni.

Bi Zuhra alikuwa amesharudi kutoka Ujiji. Nikamweleza kila kitu, nimekaa kwenye kigoda cha jikoni. Nilipofika kwenye muhogo akaanza kucheka. Nilipofika kwenye dozi alijishika ubavu, akaomba msaada wa Mungu, ushungi ukamtoka. Nikadhani ndiyo basi, nimekuwa kichekesho cha Kasulu. Alipomaliza akafuta macho, akawa mtu mwingine kabisa.

"Sasa nisikilize, na safari hii usiniletee daftari," akasema. "Mimi sijawahi kumdanganya mtu kwamba barfi yangu ni nzuri kwa mwili. Natia sukari, nasema nimetia sukari. Anayekula anajua anachokula, anajizuia mwenyewe. Wewe umechukua kitamu ukakiita dawa. Umemwondolea mtu breki, halafu unashangaa amegonga mti. Na nani alikuambia utupe tui? Nazi ukiikamua utamu wake, lazima uurudishe kwa kitu kingine. Ndiyo maana ukamwaga asali yote ile. Ungeiacha nazi na mafuta yake, kidogo kingekutosha."

"Nilitaka kumsaidia, mama."

"Ulitaka kumsaidia, na ulitaka kusifiwa. Ungetaka kumsaidia tu ungeniuliza."

Neno hilo, mwanangu, liliniingia mpaka mfupani, na liko humo mpaka leo.

Kesho yake akaniweka jikoni. Nazi nzima, haikamuliwi. Tukaikaanga kavu kwanza kwenye moto mdogo mpaka ikanukia, maana nazi iliyokaangwa huwa tamu yenyewe. Maziwa tukayachemsha muda mrefu, tukikoroga, mpaka yakawa mazito, na hayo ndiyo yaliyoshika nazi, sio muhogo wala shira. Iliki akatia kwa wingi, akasema pua ikishiba ulimi hauombi sana. Sukari akatia vijiko vitatu tu vya chakula kwa nazi nzima. Nikashangaa, nikaonja, ikawa tamu ya kutosha. Kisha akakata. Vipande vidogo, mwanangu, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba.

"Na hii bado ni kitamu," akasema akinionyesha kisu. "Usije ukaniharibia jina. Mgonjwa ale kimoja, na kwanza hospitali waseme ndiyo."

Wiki ya tatu Festo akaja Kasulu kwa baiskeli, milima yote ile. Akasema baba yake ametoka hospitali mzima, na mama yake hataki hata kusikia mtu akitaja chaki. "Lakini baba kila siku anauliza, yule mwalimu yuko wapi. Anasema, mtu aliyesema kweli pale kitandani, na uongo ungemfaa, mnamfukuza mnataka nani?" Daktari alikuwa amemruhusu kipande kidogo siku moja moja, mradi chakula kingine kipungue na vidonge asiache.

Bi Zuhra akafunga duka. Akavaa baibui yake nzuri, tukapanda basi wote wawili, mimi na sahani moja iliyofunikwa kitambaa, vipande kumi tu. Tulipofika Murungu, Mama Festo alikuwa mlangoni. Akaitazama sahani.

"Umeleta tena? Uhai uliombakia unataka kuumalizia?"

Sikutoa hotuba. Nikapiga magoti, nikasema, "Mama, hii ni kitamu. Ina sukari vijiko vitatu. Nilikosea, naomba radhi." Ni maneno mafupi kuliko yote niliyowahi kusema maishani.

Kabla hajajibu, Mzee Bukuru akatoka ndani na mkongojo, amekonda kidogo. "Leteni viti viwili hapa barazani," akasema. "Kimoja changu, kimoja cha huyu. Akae anitazame."

"Akutazame ukifanya nini?" Mama Festo akauliza.

"Nikila."

"Yewe! Mbele ya mukazana wako? Watu watasema nini?"

"Watu walisema nini nilipokula kopo chumbani? Nilifunga mlango, nikajificha kwa heshima, na heshima karibu inizike." Akakaa. Akachukua kipande kimoja, akakiweka mdomoni. Mimi nikainamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua, aibu inanichoma. "Niangalie, mwanangu," akasema. Nikanyanyua macho. Alitafuna polepole kabisa, machozi yanamtoka kwa utamu, na hakugeuza uso. Mama Festo alijifunika kanga, lakini nilimwona anachungulia. Bi Zuhra akajifanya anakagua paa.

"Tangu leo," mzee akasema alipomeza, "nitakula vitamu ukiwa unaniona. Nikinyoosha mkono kwa cha pili, unipigie kelele."

Akafuta mdomo. Kisha, naapa kwa Mungu, mkono ule ukaanza kutambaa wenyewe kwenda kwenye sahani.

"BABA!" nikapiga kelele. Kuku wakaruka. Jirani akatoka nje. Mkono wa mzee ukarudi mapajani kama wa mtoto aliyekamatwa.

Nikajua nimeharibu kabisa sasa, nimemkaripia baba mkwe mbele ya wageni. Nikamtazama Mama Festo. Alikuwa ameondoa kanga usoni, mdomo wazi. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaketi chini kwenye udongo.

"Huyu tumchukue," akasema. "Tumchukue leo leo! Mimi ninapiga kelele miaka yote katika nyumba hii na huyu mtu hajawahi kunisikia."

Ndivyo nilivyoolewa, mwanangu. Na jembe nililishika pia, ili asiseme mtu. Na kila Jumapili baada ya kanisa, mpaka Mungu alipomchukua akiwa mzee sana, Mzee Bukuru alivuta kiti, akala kipande kimoja mbele ya macho yangu. Kijiji kilisema weee, mpaka kikachoka.

Sasa sikiliza ninalotaka ulibebe. Siku hizi mnazo simu, na kila mkizifungua kuna mtu anawaambia tende si sukari, asali si sukari, sukari guru si sukari. Ukipika kitamu, kiite kitamu, ukifanye kidogo, na anayekula umwambie ulichotia. Ukitaka kiwe na afya zaidi, punguza utamu na ukubwa wa kipande. Usibadilishe jina ukaongeza kikombe. Vidonge vya hospitali kitamu chako hakitavishinda, hata ukipike kwa maziwa ya malaika. Kabla ya kumsahihisha aliyepika kabla hujazaliwa, muulize kwanza. Mimi nilijua kusoma, sikujua kuuliza, na mtu mwingine ndiye aliyelala kitandani kwa ajili yangu. Ukikosea, sema upesi, hata kama kusema kutakugharimu unachokipenda, maana mchelea mwana kulia hulia yeye, na mchelea aibu hulia zaidi. Na desturi za wazee ziheshimu, lakini ikifika mahali heshima inamficha mtu anapojiumiza, vuta kiti, ukae, umtazame.

Mungu akupe mkono mwepesi kwenye sukari na ulimi mzito kwenye hotuba. Akupe wakwe wacheshi. Na wewe ukizeeka, ukawa na kitu kimoja unachokipenda kuliko uwezo wako, akuwekee mbele ya kiti chako mtu anayekupenda vya kutosha kukupigia kelele. Amina, mwanangu.